Chanzo Chako ni Kipi

Endagikot, Jumamosi, 1 Machi 2025

Dada Scolastica, Tumsifu Yesu Kristo. U hali gani huko Endasak? Goti limetulia, au bado linakusumbua ukipanda kwenda shuleni? Na watoto wa darasa la kwanza, wamekuzoea? Sisi huku tu wazima. Baba yangu kule Tumati ana miaka themanini na mbili na bado anatembea bila fimbo, Mungu ashukuriwe.

Uliniomba nikueleze kozi hii ikoje kabla hujajaza fomu yako. Nimeona barua moja haitatosha, kwa hiyo nimechukua daftari. Nitaandika siku kwa siku, nyingine mstari mmoja tu, na muhula ukiisha utalipata lote.

Leo tumeanza. Tuko ishirini na mmoja. Chuo kikuu chenyewe kiko mbali, sisi tunakutana Jumamosi katika darasa la kukodi hapa Mbulu mjini. Wengi ni walimu wa cheti kama mimi na wewe. Masomo mengine nayamudu. Linalotutisha ni moja, kuandika insha za kitaaluma kwa Kiingereza. Ukilifaulu unaingia digrii. Ukilifeli hupewi nafasi nyingine mpaka miaka mitatu ipite, na mimi nina arobaini na tisa. Nimemwomba Mama Maria anishike mkono.

Mhadhiri wetu ni Mwalimu Vitalis, kijana wa Kanda ya Ziwa, hata thelathini na tano sidhani kama amefika. Alipotukuta nje alinipa shikamoo kwa adabu na kunipokea mfuko. Nimempenda.

Jumatano, 5 Machi

Majivu. Mvua tangu asubuhi. Sikusoma kitu.

Jumamosi, 8 Machi

Leo nimeaibika, dada. Tulipewa insha ya kwanza, kwa nini vijana wanahama vijijini. Nami nikaandika kama mtu aliyelelewa vizuri. Nilimsalimia msomaji, nikamshukuru Mungu aliyetukutanisha, nikaomba radhi kwa makosa yangu, nikaeleza natoka kwa watu gani. Jambo lenyewe nililigusa ukurasa wa pili. Kwetu mtu akisimama mkutanini na kutupa neno kabla ya kusalimu, watu hushtuka, hudhani ameleta habari ya msiba.

Mwalimu Vitalis aliisoma mbele ya wote. Jina hakulitaja, lakini nani asingenijua. Sylvester, mtendaji wa kijiji anayekaa nyuma yangu, akasema, "Huyu ameleta barua ya posa." Wakacheka. Na mimi nikacheka, ningefanyaje.

Baadaye Mwalimu alinifafanulia kwa upole. Insha ya Kiingereza inataka jambo litangulie. Kila paragrafu iwe na wazo moja. Neno "mimi" lisionekane. Na kila unachodai useme umekipata wapi, nani aliandika, kitabu gani, mwaka gani. Alisema nisipokumbuka lingine lolote nikumbuke swali hili, chanzo chako ni kipi?

Jumamosi, 15 Machi

Niliandika kwamba mtoto aliyekuja shule bila kula hasikii hesabu. Akaniuliza chanzo chako ni kipi. Nikamwambia nimefundisha miaka ishirini na minne. "Huo ni uzoefu, mama," akasema. "Uzoefu siyo chanzo." Nikamuuliza, je, maneno ya wazee? Akasema hayo ndiyo kabisa, hayana kurasa.

Nikaenda kutafuta. Nikapata ripoti ya mtu wa Ulaya inayosema mtoto mwenye njaa hasikii hesabu. Nikaiweka, nikapata tiki.

Jumamosi, 22 Machi

Alama 48. Nilianza na 31, kwa hiyo nasogea.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua imekata barabara. Tumefika wanane.

Jumatano, 2 Aprili

Nimekutana na Sylvester sokoni. Akanionyesha simu yake. Anaiuliza swali la Mwalimu, anakwenda kunywa chai, anarudi anakuta insha imekamilika kwa Kiingereza cha kiaskofu. Nikamwambia hiyo siyo kazi yake. "Mwalimu Fausta," akasema, "wewe unalima kwa jembe la mkono na trekta limesimama pembeni linakuangalia." Nikamwambia nitamwombea. Akasema niiombee na betri.

Jumamosi, 12 Aprili

Nina furaha leo. Insha kubwa imetoka, yenye alama arobaini katika mia za somo zima. Mada ni njia moja ya kuhifadhi udongo katika eneo lako. Dada, hili si nalijua tangu sijavaa viatu? Nitaandika shamba la baba.

Jumamosi, 19 Aprili

Mkesha wa Pasaka. Niko Tumati tangu Alhamisi, nimekaa na baba shambani kati ya manyunyu.

Unalikumbuka shamba lile lilivyolala kwenye mteremko. Baba hulikata kwa mapande, na kati ya pande na pande huacha nyasi bila kuzigusa, upana wa hatua mbili, zimepita kukingama na mteremko. Samadi haitawanyi mvua ya kwanza, huiweka marundo. Mvua ya kwanza inakuja kwa hasira na ingeipeleka samadi yote kwa jirani wa chini. Anangoja ya pili. Na kila mwaka wa nne pande la juu linapumzishwa, ng'ombe wanalala hapo. Miaka yote niliyoishi, shamba lile halijapata korongo.

Nimeandika kurasa sita, nimeanza na jambo lenyewe, sikumsalimia mtu. Zile nyasi nimezifananisha na mkanda wa suruali, kwamba shamba bila mkanda linavuliwa na mvua. Baba sikumtaja. Nilishaambiwa wazee hawana kurasa. Nimeweka vitabu vitatu vya kilimo vinavyozungumzia udongo kwa ujumla.

Jumapili, 20 Aprili

Kristo amefufuka. Tumekula vizuri.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimekabidhi insha.

Jumamosi, 3 Mei

Hajarudisha. Mvua imepungua, baridi imeanza kuingia.

Jumamosi, 10 Mei

Sijui nianzie wapi, na safari hii si kwa ajili ya adabu.

Baada ya kipindi Mwalimu Vitalis aliniomba nibaki. Wenzangu walipotoka alifunga mlango. "Shikamoo, mama," akasema, wakati asubuhi alishanisalimu. "Naomba ukae."

Akaweka insha yangu mezani. Kando yake akaweka makala iliyochapishwa kwenye jarida mwaka 2013, ya Dokta Nicodemo. Akasema makala hii anaitumia kufundisha kozi nyingine, anaijua karibu kwa moyo. Akanionyesha kwa kalamu. Mapande, yapo. Marundo ya samadi na mvua ya pili, yapo. Mwaka wa nne na ng'ombe, yapo, kwa mpangilio ule ule. Halafu akafungua ukurasa mwingine, akausoma kwanza kimya, kama mtu anayeona haya badala yangu.

"Hata mkanda, mama?"

Nikasoma. Shamba bila mkanda linavuliwa na mvua. Kwa Kiingereza kizuri kuliko changu.

Scolastica, huyo Nicodemo namfahamu. Alikuja Tumati mwaka 2009, bado anasomea udaktari wake, akakaa kwetu siku nne. Baba hakijui vizuri Kiswahili, kwa hiyo mimi ndiye niliyetafsiri kutoka Kiiraqw. Mama yangu, Mungu amrehemu, alimpikia. Na zile nyasi Nicodemo hakuelewa. Alikuwa anauliza tena na tena, kwa nini uache ardhi nzuri bila kulima? Nilipochoka nikashika mkanda wake mwenyewe kiunoni nikamwambia, ukivua huu utatembeaje? Watu wote shambani walicheka, na yeye akacheka akaandika. Mkanda ule si wa baba. Ni wangu mimi, kwa kinywa changu.

Nikatafuta majina yetu kwenye makala. Kuna mahali pameandikwa "mzee mmoja wa Mbulu". Mkalimani hayupo. Kama vile baba na yeye waliongea kupitia malaika.

Nilimweleza Mwalimu yote haya. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza. Kisha akasema, "Mama, mimi nakuamini. Lakini imani yangu siyo chanzo."

Ndiyo hivyo. Nina mpaka tarehe 31. Nilete barua ya Nicodemo akikiri kwamba mimi nilikuwepo, au nilete maandishi ya baba yenye sahihi kwamba maelezo yale ni yake. Nikikosa vyote viwili, nitasaini fomu ya kukiri wizi wa maandishi, niandike insha upya nikimtaja Nicodemo, na siwezi kupata zaidi ya nusu ya alama. Nisiposaini, jambo linakwenda makao makuu ya chuo, na huko, akasema, hajamwona mtu akirudi na nafasi yake.

Nimetembea kwa miguu mpaka Endagikot. Bodaboda waliniita, nikapita.

Jumapili, 11 Mei

Nimeenda misa. Kwenye Baba Yetu nilinyamaza pale pa kusamehe.

Jumanne, 13 Mei

Nimepata anwani ya barua pepe ya Nicodemo. Nimemwandikia kwa Kiswahili, nikamsalimia, nikamkumbusha mama aliyempikia.

Jumamosi, 17 Mei

Amejibu. Nakunakilia yote, si marefu. "Asante kwa salamu, nakumbuka ukarimu wa Mbulu. Kwa maadili ya utafiti majina ya watoa taarifa hulindwa, hivyo siwezi kuthibitisha nani alikuwepo. Nakutakia masomo mema."

Ametulinda, dada. Ametulinda kabisa.

Jumapili, 18 Mei

Nilitoka misa ya kwanza nikaenda Tumati. Matope mpaka magotini. Nilikuwa nimeandaa karatasi, nikamsomea baba kwa Kiiraqw. Mimi Tluway nathibitisha kwamba maelezo haya ya kulima ni yangu. Alijifunza kuandika jina lake kwenye kisomo cha watu wazima, kwa hiyo nilijua atasaini na tutakula.

Akaniomba nirudie pale mwisho. Nikarudia, ni yangu.

Akasema si yake. Mikanda ile ya nyasi aliikuta. Alionyeshwa na mama yake, naye alionyeshwa na waliofyeka msitu pale walipohamia kutoka Kainam, na hao nao hawakusema wameianzisha. Wajukuu wa watu hao wamejaa Tumati nzima. Yeye asimame aseme ni yake?

"Baba, hii ni karatasi tu," nikamwambia.

"Kama ni karatasi tu, mbona umevuka matope yote haya kuileta?"

Nikamweleza tena, polepole, kwamba yule mgeni wa mwaka 2009 alichapisha maelezo yale kwa jina lake, na mimi nitaandikwa mwizi. Nikamwambia maneno ambayo binti hamwambii baba yake, kwamba mgeni alipompa chai na maneno matamu yeye alimfungulia kila kitu, na mimi damu yake ananinyima jina tu. Hakukasirika. Alikuwa anamenya muwa na kisu kidogo, akaendelea kumenya.

"Nikiandika jina langu hapo nimefanya kama yule mgeni," akasema. "Wewe utaitwa mwizi. Mimi nitakuwa mwizi."

Muwa ulipokwisha nikamuuliza, je, akiandika ukweli wenyewe? Hapo akakubali mara moja, hata akafurahi. Nikaandika anavyosema. Kwamba maelezo haya ni ya watu waliofyeka Tumati, kwamba alimweleza mgeni mwaka ule, na kwamba binti yake Fausta alitafsiri na mfano wa mkanda aliutoa yeye. Akasaini herufi moja moja, ulimi ukiwa nje kama mtoto. Nimeikunja ndani ya Biblia. Nimerudi na tumaini.

Jumamosi, 24 Mei

Ukungu. Mwalimu amesoma insha ya Sylvester mbele yetu kama mfano. Ameipima kwenye programu ya chuo, haikunakiliwa popote. Asilimia 84. Inaeleza kuhifadhi udongo katika bonde la mto ambao Sylvester mwenyewe, nilipomuuliza nje, hakujua uko mkoa gani. "Mwalimu," akaniambia, "muhimu maji yanateremka."

Sikumsema. Ningemsema ningeonekana mwizi anayemnyooshea mwenzake kidole.

Alhamisi, 29 Mei

Novena siku ya tano. Maharage ya baba yamekomaa, majirani wanamsaidia kung'oa.

Jumamosi, 31 Mei

Mwalimu Vitalis alisoma karatasi ya baba mara mbili. Aliishika kwa mikono miwili, hilo namshukuru. Halafu akasema, "Mama, mzee mwenyewe anasema si yake."

Nikasema ndiyo, kwa sababu ni mkweli. Akasema analiona hilo. Lakini kamati ya chuo itauliza, kama si yake, ni ya nani? Nikasema ni ya watu wa Tumati. Akaniuliza watu wa Tumati wameyaandika wapi. Akasema kitaaluma anayetambuliwa ni aliyechapisha wa kwanza. Kuhusu mkanda, akasema shahidi wangu ni baba yangu mzazi, na hakuna kamati itakayokubali.

"Kwa hiyo baba angesema uongo ningepona," nikamwambia.

Aliangalia dirishani, na nilimwona shingo imemlowa jasho na baridi yote ile. Afadhali angekuwa mtu mbaya, dada. Mtu mbaya ningemchukia nikamaliza. Huyu ananipa shikamoo kutoka moyoni halafu ananisogezea kalamu.

Nilifikiria makao makuu. Nilifikiria miaka mitatu, nitakuwa na hamsini na mbili. Nikasaini. Mimi Fausta Tluway nakiri nilichukua mawazo na maneno ya Dokta Nicodemo bila kumtaja. Tarehe aliniandikia yeye chini.

Jumapili, 1 Juni

Sikupokea komunyo.

Jumamosi, 7 Juni

Nimeenda kuungama kwa Padre Thadei. Nikamwambia nimesema uongo. Akauliza uongo gani. Nikamwambia, nimekiri kosa ambalo sikulitenda. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kuletewa dhambi ya namna hiyo. Akauliza kama kuna mtu uongo ule umemuumiza. Nikasema baba yangu, ila yeye hajui. Akanipa zaburi tatu. Nilizisali, na uchungu umebaki pale pale.

Jumamosi, 14 Juni

Naandika upya.

Jumamosi, 21 Juni

Nimekabidhi. Kurasa ni zile zile sita, mkanda ule ule. Nilichoongeza ni jina la Nicodemo na mwaka wake mwishoni mwa kila sentensi inayofanana na yake. Mara kumi na moja. Kwenye mkanda wangu nimemwandika mara mbili, kwa sababu sentensi zilikuwa mbili.

Jumamosi, 5 Julai

Matokeo yametoka. Insha ile, ishirini kati ya arobaini, ndicho kiwango cha juu kwa aliyekiri. Somo zima 52. Nimefaulu, nafasi ya digrii ninayo. Juu ya insha Mwalimu ameandika, kwa wino mwekundu, kwamba vyanzo sasa vimetajwa vizuri na nimeonyesha kujifunza. Sylvester ana 79, ametununulia soda wote. Yangu nilimpa Evaline, mwalimu wa hesabu anayesoma nasi.

Mwalimu Vitalis alikuja kuniaga. Shikamoo, mama. Marahaba, baba. Nimeitika, dada, sijui ningefanya nini kingine.

Jumapili, 6 Julai

Nimetoka Tumati jioni hii. Tulipura maharage pamoja na majirani, na baba alipopumzika akaniuliza kama ile karatasi yake ilisaidia. Nikamwambia nimefaulu. Akafurahi sana, akawaita majirani, akasema binti ameandika shamba hili kwa Kizungu, sasa atatusomea. Wakakaa juu ya magunia. Sikuwa na pa kukimbilia, insha ilikuwemo mfukoni.

Nikasoma nikitafsiri kwa Kiiraqw. Mapande, Nicodemo. Samadi na mvua ya pili, Nicodemo. Ningeweza kuliruka lile jina, nani angejua. Lakini nilishachoka kusema visivyo kweli, na hivyo ndivyo nilivyoandika.

Mara ya nne baba akainua mkono. Akauliza huyu Nicodemo ninayemtaja ni nani. Nikamkumbusha, yule mgeni wa mwaka ule. Akawaza. Hakuuliza kwa ubaya, Scolastica, aliuliza kama mkulima anayetaka kumfahamu mkulima mwenzake.

"Alilima wapi?"

Majirani walikuwa wananitazama na mimi nikatazama karatasi. Nikaendelea kusoma mpaka mwisho, na lile jina likatokea mara saba tena.

Nimejaribu kumshukuru Mungu kwa ile 52, maneno yamekuwa mafupi. Digrii inaanza Oktoba. Nitaenda, kwa sababu nimeshailipia kwa kitu ambacho sirudishiwi.

Fomu za mwakani zinafungwa tarehe 25 mwezi huu. Siwezi kukuambia uje wala usije, nimekuandikia ilivyokuwa. Evaline anapita Endasak kesho kutwa, nimempa daftari akukabidhi mkononi. Tafadhali nijibu upesi, uniambie umeamua nini.

Dada yako,
Fausta